Masikio Ndiyo Hulala Mwisho

Jumapili, 4 Julai 1954

Laurian amefika na lori la mgodi wa Sekenke. Ngiri imemshinda — ameinua mno mawe yenye dhahabu ya wenzake, sasa anatembea amejishika kinena kama mzee. Nilitoka wodini mbio kumpokea. Nani keshatangulia? Luciana! Nesi mwenzangu, wa Utemini, shingo ndefu, meno kama maziwa. Wakaamkiana Kinyaturu, lugha ya kwao wote wawili. Maamkizi gani hayo hayaishi! Kisha wakacheka. Na mimi Mnyiramba nimesimama pale, natabasamu kama mjinga. Ng'ombe wa mahari wako zizini kwa baba, na mchumba wangu anacheka na mwingine kwa lugha nisiyoijua.

Nikauliza wanacheka nini. Luciana akasema si kitu, habari za nyumbani tu.

Nyumbani kwa nani?

Jumatatu, 5 Julai

Alhamisi Laurian anapasuliwa. Daktari kanipa mimi kazi ya etha, ile dawa ya usingizi! Luciana atashika mikono ya mgonjwa. (Mikono. Haya.)

Baada ya chai Daktari alitufundisha. Anasema ubongo hauzimiki kwa mara moja kama taa iliyopulizwa. Kwanza hulala ile akili ya kujizuia, kisha mwili, na masikio ndiyo hulala mwisho. Tena ndiyo huamka kwanza. Katikati pana kipindi kibaya — mgonjwa anafurukuta, anaimba, anatoa ya moyoni. Hapo matone yasikatike, avuke upesi. Na asemayo tusiyashike.

Akatugeukia sisi wenyewe. Mwenye usingizi haoni kitu, anasema, na anayechemka moyoni huona kitu kimoja tu. Kazi ya etha inataka mtu wa katikati. Halafu akaniuliza swali. Sikulisikia! Nilikuwa naangalia jinsi Luciana anavyotikisa kichwa, mwanafunzi mwema.

Jumatano, 7 Julai

Luciana kampelekea Laurian uji. Zamu yangu!

Mzee Mughwai, Mnyaturu wa kitanda cha jirani, mwenye kidonda mguuni, anasema wale wawili huzungumza mpaka uji unapoa. Sikumwuliza. Kajisemea tu.

Wivu huo, Damari. Nenda kasali.

Nimesali. Bado upo.

Alhamisi, 8 Julai

Nimefanya jambo baya.

Alipolazwa mezani Laurian aliniambia nisiende mbali. Nikamwambia nipo hapa hapa kichwani pako. Nikamfunika pua kwa kikapu kidogo cha waya chenye shashi, nikaanza kudondosha. Akatulia. Kisha akaanza kufurukuta, na kusema. Kinyaturu! Kinyaturu kitupu, maneno yanamwagika, na mwenye kuyaelewa ni mmoja tu mle chumbani. Luciana aliinama, akamjibu polepole. Machozi yakamlengalenga.

Mkono wangu ukasimama. Niandike ukweli — niliusimamisha. Nilitaka aendelee kusema. Sentensi moja aliirudia na kuirudia, nami nikaikariri kama sala, sielewi hata neno. Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Nikaviona vidole vya Luciana juu ya kiganja cha Laurian, kimoja kimoja, hata kovu la kisu kwenye kidole gumba. Sikumwona Laurian anavyojipindua kutaka kuanguka. Daktari aliniita, wanasema, tena kwa sauti. Sikumsikia.

Luciana akapiga kelele: Damari, matone!

Nikashtuka. Nikamwaga. Nikamwaga kupita kiasi.

Midomo ya Laurian ikaingia weusi. Daktari akanipokonya kila kitu, akamvuta taya, akamwita kwa jina. Kimya. Mungu wangu, kile kimya! Halafu Laurian akavuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, nami nikapata kumwona. Mtu ninayemwonea wivu wote huu, na kwa wivu huo huo nusura nimuue.

Upasuaji ulikwisha salama. Daktari alipouliza, Luciana akawahi kujibu kwamba chupa iliniteleza. Kwa nini anitetee? Mtu humtetea nani, kama si yule ambaye yeye mwenyewe amemkosea?

Nilimfuata kwenye beseni la kunawia. Nikamwuliza, Laurian alikuwa anasema nini? Hakunitazama. Akasema si kitu, dada. Habari za nyumbani.

Alhamisi hiyo hiyo, alasiri

Wodini. Laurian bado kalala, ananuka etha. Luciana yuko upande wa wanawake.

Nimemwendea Mzee Mughwai. Shikamoo, mzee. Marahaba, mwanangu. Nikamtolea ile sentensi niliyoikariri. Akacheka, akasema Kinyaturu changu kinachechemea kuliko yeye. Akataka niirudie. Nikairudia. Hapo hakucheka. Akasema maana yake ni hii: usimwambie, ataumia.

Nani huyo asiyetakiwa kuambiwa? Mzee naye akaniuliza swali hilo hilo.

Labda ni mama yake. Labda ni habari ya kufukuzwa kazi. Labda ni homa ya etha tu, Daktari alisema tusiyashike. Labda, labda! Najua mimi ni nani leo — mtu wa kitu kimoja. Ukiniletea kikombe cha maji nitamwona Luciana ndani yake.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine ameushika yeye, Laurian, sasa hivi. Kaubana! Kope zinacheza, macho hayajafunguka. Lakini masikio yatakuwa yameamka. Nikisema neno moja tu la Kiswahili atajua ni mimi, si Luciana.

Sisemi.

Ameulamba mdomo. Anatabasamu kidogo, bado kafumba macho. Anasema — Kinyaturu. Polepole, maneno mengi, kwa sauti laini ambayo sijapata kuisikia.

Mzee Mughwai kajiinua kwa kiwiko, anasikiliza. Namwuliza kwa macho, anasema nini? Ananitazama.

Mzee amevuta blanketi, amegeukia ukutani.