Kipande cha Kola Mfukoni Mwako

Mdogo wangu Okwudili,

Nimefika salama kwa mume wangu. Mahindi yameota, ila yule kuku mweupe amekufa. Shangazi Mgbafor bado anachekesha watu kwa maneno aliyokwambia: "Endelea kununa, sisi tunaendelea kula." Na kweli, sisi mabinti wa ukoo tulioolewa tulirudi, kama desturi yetu ndugu wakigombana, tukapiga kambi uani kwako tukamaliza viazi vikuu vyako, mpaka ukakubali yaishe kati yako na kaka Anozie kuhusu shamba. Kwake hatukwenda. Yeye ni mgumu, wewe unatupenda.

Kokwa ya kola ya suluhu ilipovunjwa, ile ambayo kuitafuna ni kukubali kwamba yameisha, wote walitafuna. Wewe kipande chako ulikitia mfukoni. Nilikuona, nikaanzisha wimbo haraka ili wengine wasikutazame.

Dili, ule mti wa mpaka, kaka aliuhamisha kweli. Nilimkuta anauchimbia upande wako alfajiri moja nilipokuja kuwatembelea, nikitoka mtoni. Nikanyamaza, kwa kuwa mwanangu anaishi kwake.

Jumapili narudi na mabinti wote. Safari hii tutakaa uani kwa Anozie, na nitasema mbele yao nilichokiona. Hicho kipande usikile bado.

Dada yako,
Ugoye