Zege la Mtoto

4 Juni

Mama,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Huku tuna uzima, ingawa si wote kwa kipimo kimoja.

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji kazini, siku ile ile niliyoitwa hospitali, na mpaka leo imenuna. Barua zetu atazibeba Taratibu, yule dereva wa lori la saruji, maana anapita kwenu na huku kila baada ya siku moja au mbili.

Binti yako amepasuliwa tena, palepale alipopasuliwa wakati wa kujifungua, na ametoka salama. Ila daktari amempa dawa kali, amekataza kabisa asinyonyeshe mpaka azimalize. Nimepanga chumba mtaa wa nyuma ya hospitali, mimi na mjukuu wako, mume wako mdogo. Tuna birika la umeme, chupa nne na kopo la maziwa ya unga. Kila jioni nampeleka wodini, mama yake anampakata, ndipo anakubali kula. Asipomwona mtoto, hata supu haishuki.

Najua unawaza nini. Usiwaze. Mtu anayekoroga zege la ghorofa nne atashindwa na chupa ya maziwa?

Mkweo,
Fundi

6 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Mguu bado umefungwa plasta ngumu, nimewekwa kitini kama chungu cha maua. Usiniulize tena, unanitia hasira.

Kwa mwanangu nimemshukuru Mungu. Kwa mume wangu, sina raha. Mtoto wa wiki sita, chumba cha kupanga, na mlezi ni wewe! Sikutukani, nasema nilichokiona: mwaka jana ulichemsha maji ya chai hapa kwangu mpaka sufuria ikatoboka.

Nimeongea na shangazi wa mkeo. Jumamosi ijayo anakuja huko amchukue mtoto, amlete kwangu. Wanawake wawili hatushindwi, hata kama miguu mizima ni mitatu. Mpaka hapo, osha chupa kwa sabuni, zichemshe, na maziwa yanayobaki mwaga, mtoto halishwi kiporo. Na uniandikie unavyokoroga, hatua kwa hatua, kama unamwelekeza kibarua mgeni.

Mama wa Mkeo

8 Juni

Mama,

Shikamoo. Ningependa kukuambia sote hatujambo, lakini nitakuwa mwongo.

Mume wako leo siku ya tatu hajapata choo. Analia mpaka sauti inampotea. Midomo imemkauka. Nikimpa chupa anaivamia kama hajawahi kunywa, akimaliza analia tena. Jana nilimpeleka kliniki ya watoto. Muuguzi alimpima, hana homa. Akatazama kopo, akasema maziwa ndiyo hayo hayo, nifuate maelekezo, na asipotulia nimrudishe. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, sikuuliza zaidi.

Mke wangu hajui. Jana jioni alisema, "Mbona mwanangu amesinyaa hivi?" Nikamwambia ni hizi taa za wodini. Naogopa, mama. Shangazi akimchukua, mwenye kidonda ataacha kula. Akibaki, huenda namuua mtoto kwa mikono yangu mwenyewe.

Uliuliza ninavyokoroga. Nafanya kazi safi. Mikono nanawa, chupa nachemsha. Naweka unga kwanza, kile kijiko cha ndani ya kopo nakijaza na kukishindilia vizuri, maana sipendi kumpunja. Kisha namimina maji ya moto juu yake mpaka kwenye mstari. Natikisa, napoza, naonja joto mkononi. Ufundi ni ule ule: mkavu kwanza, maji baadaye, na usibanie saruji. Huoni donge hata moja.

Mkweo,
Fundi

9 Juni

Mkwe,

Salamu baadaye. Taratibu nimemwambia asizime injini.

Unamlisha mume wangu zege!

Barua yako ilifika jana jioni. Asubuhi duka la dawa lilipofunguliwa tu, jirani alinisukuma kwa mkokoteni mpaka mlangoni. Nikamwambia muuzaji anisomee kopo kama lako, tangu juu mpaka chini, na sinunui. Maji kwanza, mpaka kwenye mstari. Ndipo unga, kijiko kikisawazishwa kwa kisu, bila kushindilia. Ukitanguliza unga, unakalia nafasi ya maji. Ukiushindilia, ndiyo balaa kabisa. Mtoto anajazwa unga huku kiu inamtesa.

Mrudishe kliniki leo hii. Foleni waombe wakupishe. Mwambie muuguzi kila kitu kama ulivyoniandikia, wala usione haya. Nimepiga simu ya wodi, inaita tu hakuna anayepokea.

Shangazi ameshafunga mzigo.

Mama wa Mkeo

11 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Ungekuwa karibu ningekubeba na plasta yako.

Nilisoma barua nimesimama, nikamnyakua mtoto, nikakimbia. Nilimkorogea muuguzi palepale mezani kwake, kama ninavyokoroga siku zote. Alishika kichwa. Akaita wenzake wawili waje waone maajabu. Wakamlaza mtoto mpaka kesho yake, wanamwangalia na kumpa maziwa yaliyopimwa sawasawa. Mimi nilikorogeshwa chupa baada ya chupa mbele yao, ndipo wakaniachia. Sasa kliniki nzima inaniita Bwana Zege. Waniite tu.

Jana alipata choo, mama! Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya kukabidhi nyumba. Kilivuka nepi, kikapanda mgongoni, kikanimalizia shati la mwisho lililokuwa safi. Nilikaa kitandani nacheka huku machozi yananitoka. Leo midomo ni laini, anakojoa kama kawaida, na sasa amelala anakoroma.

Mke wangu nimemweleza yote. Alijiinua akakaa. Halafu akasema, "Nipe mwanangu, na hiyo chupa." Akamnywesha mwenyewe, kisha naye akala sahani nzima. Daktari anasema bado wiki mbili za dawa.

Keshokutwa ni Jumamosi. Sina mdomo wa kubishana nawe. Ukisema aende, nitamvika vizuri na kumkabidhi kwa shangazi.

Mkweo,
Fundi

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba mara mia. Nilipofika pale penye choo nilipiga vigelegele, jirani akaja mbio akidhani kuna harusi. Nikamwambia mume wangu amekwenda haja. Alirudi kwake akitikisa kichwa.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinanila. Niliposikia binti yangu amerudishwa chumba cha upasuaji, na mimi nimefungwa kitini, nilisema huyu siwezi kumsaidia kwa lolote, basi angalau mtoto awe mikononi mwangu. Nilikuwa najiandaa kumzika mmoja na kubaki na mwingine. Sikumwambia mtu. Leo nimelala tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kama niliyetuliwa gunia.

Wewe ulisimama mbele ya wauguzi watatu ukawaonyesha kosa lako kijiko kwa kijiko, ukaenda ukamwambia na mkeo. Mtu wa namna hiyo anaachiwa mtoto.

Shangazi amefungua mzigo, na amenuna, maana alishanunua viatu vya safari. Mpe binti yangu pole, mwambie ale. Nawe ule. Msiharakishe kwa ajili yangu. Mkirudi, rudini watatu.

Mama