Punje ya Haragwe

Mjukuu wangu Ganza,

Hujambo huko ugenini? Hapa Kimisagara mvua zimeanza, sisi wazima. Unauliza kama ile programu ya kusomea uliyomtumia mdogo wako Keza kwenye simu inamsaidia. Inamsaidia, silabi anazishika upesi kuliko mimi.

Mimi mama alinifundisha kule Ngara tukichambua maharagwe. Kila silabi niliyopatia, aliniwekea punje kiganjani. Mama yenu nilimfundisha hivyo, naye akaanza kumfundisha Keza vivyo hivyo, kabla hatujamzika.

Jana Keza alipatia, simu ikampigia makofi. Akainyooshea kiganja, akangoja.

Nilikwenda jikoni kutafuta haragwe, nikakawia kidogo nikifuta macho. Niliporudi, mkono wake ulikuwa bado umenyooka.

Bibi yako