Sukuma Tawi Ulilosimama

Alhamisi, 10 Oktoba
Ofisi haikaliki — kesho watu wanaenda kwao kwa sikukuu ya Dashain! Kila mtu anasukuma kazi yake kwenye seva, begi begani. Rojina, mgeni wetu aliye bado kwenye majaribio, kazi yake ilikataliwa na seva. Akasukuma kwa nguvu, ile amri ya kuilazimisha seva, akakimbilia basi. Hakutaja tawi, yaani ni nakala ipi ya kazi iende. Na programu hii usipoitajia tawi inapeleka matawi yote uliyo nayo, hata yaliyochakaa! Kazi ya kaka Kiran, mwenzetu hapa ofisini, imefunikwa na nakala kuukuu iliyokuwa kwa Rojina. Kazi ya mwezi mzima. Nimeketi tu, sijui nimpigie nani kwanza.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kaka Kiran alishafika kwao Gorkha. Kazi yote imo kwenye kompyuta aliyosafiri nayo, ila kule mtandao hakuna. Basi akageuza njia! Wote wanatoka mjini, yeye anaingia.
“Nimelala viti vitatu vya basi, Bimala,” ananitania. “Kama mfalme!”
Nilitaka kulia. Kairudisha kazi, kanywa chai, kaondoka tena ili awahi kupakwa tika, ile baraka nyekundu ya kwenye paji, na mama yake. Ahsante, kaka. Ahsante sana.

Jumatano, 23 Oktoba
Rojina karudi, lakini hasukumi tena. Kila jioni anamwomba mtu amsukumie, macho chini. Mkubwa wetu wa kazi hakupaza sauti: asiyeweza kupeleka kazi yake mwenyewe, majaribio yakiisha Desemba, hatabaki.
Nimewaandikia watunzaji wa programu. Mtu asipotaja tawi, liende lile alilosimama juu yake tu, analolifanyia kazi. Lo, nimechokoza nyuki! Mmoja anasema huyo binti asome maelekezo. Mwingine, mazoea yake ya miaka yataharibika. Kosa ni la mtu, wanasema, si la amri. Nimefura kama andazi.

Jumamosi, 2 Novemba
Siku ya kuwaenzi mbwa. Nimemvisha Kalu wetu shada la maua — kalila!
Mtunzaji mkuu, bibi mmoja huko Ulaya, kajibu. Nina haki, anasema, ila watumiaji waonywe kwanza, ndipo amri ibadilike. Na niandike mabadiliko mimi mwenyewe. Mimi! Kumbe kaka Kiran naye aliwaandikia, bila kuniambia: kazi iliyofutika ilikuwa yake, na hana kinyongo na yule dada, ana kinyongo na amri. Nyuki wametulia. Nina bahati ya watu, mimi.

Ijumaa, 6 Desemba
Toleo jipya limefika, na amri niliyoibadilisha imo! Siku ya mwisho ya majaribio ya Rojina. Naandika hapa hapa mezani kwangu, huku nikitazama.
Tawi lake limegoma tena. Ameandika sukuma, kwa nguvu. Jina la tawi hakuweka. Mkubwa yuko mlangoni.
“Dada Bimala, una uhakika?” Rojina ananiuliza.
Nimemwambia ninao. Nimelijaribu mara ngapi, sijui.
Kaka Kiran amesogeza kiti chake karibu naye.
“Kaka, kazi yako una nakala pembeni?” Rojina anamuuliza.
“Sina.”
“Kweli huna?”
“Sikuweka, mdogo wangu. Sukuma.”
Ofisi yote imesogea kutazama. Kidole chake kiko juu ya enta, kinashuka. Limekwenda tawi moja tu, lake!