Hundi Arobaini na Saba, na Ile Moja

Drumkeelan, Leitrim
Jumapili, 9 Machi

Kwako dada yangu mpendwa Attracta,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Declan na watoto, na kwamba joto la Perth halijawachosha. Sisi huku hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi tangu Krismasi. Ng'ombe bado wako zizini wanakula majani ya akiba, na Baba anayahesabu kama padri anavyohesabu sadaka. Mwenyewe mzima. Ametimiza miaka themanini na minne. Magoti yanalalamika, lakini ulimi haujambo.

Najua utashangaa kupata barua ndefu. Tumezoea kadi za Krismasi tu, mistari miwili ya hali ya hewa na jina. Nivumilie, dada, maana nina jambo la kukuambia, na sijui kulifikia ila kwa njia ya kuzunguka.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba tawi la benki la mjini linafungwa mwisho wa mwezi. Concepta Rudden uliyesoma naye bado yuko pale dirishani, na ndiye aliyemweleza Baba kwamba hundi ambazo hakuzitumia anaweza kuzirudisha. Atarejeshewa ushuru wa serikali aliokatwa siku alipopewa kitabu, senti hamsini kwa kila karatasi. Alisema kwa wema tu. Hakujua amechokoza nyuki.

Baba alirudi amewaka. Alisema serikali imemla miaka yote hiyo kwa karatasi ambazo hakuandika hata herufi, na kwamba lazima izitapike. Siku tatu nyumba ilikuwa juu chini. Vitabu vya hundi vikatoka kwenye bati la biskuti, kwenye droo ya dawa za kondoo, kimoja nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, kingine chini ya mguu wa kabati la vyombo. Tukapata hundi tupu arobaini na saba. Nikamwambia hiyo ni euro ishirini na tatu na nusu, na kwamba amekwisha kunipotezea siku tatu. Akanijibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kama nimechoka kumwendesha atakwenda kwa miguu.

Alhamisi akavaa suti yake ya mazishi. Benki ilikuwa imejaa wazee waliokuja kuaga, na Packie Gilhooly, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alipoona Baba anaingia na bati la biskuti kwapani akapaza sauti, "Jamani, kimbieni, Malachy kaja kuifilisi benki!" Baba akamwambia anyamaze, yeye hana hundi ya kurudisha kwa sababu zake zote zilikwisha kurudishwa kwa kukosa pesa. Watu wakacheka, na Packie akawashinda wote kwa kucheka.

Concepta alizipokea hundi moja moja, akilinganisha namba na orodha ya zile zilizowahi kulipwa. Kila namba lazima iwe mahali pamoja kati ya mawili, kwenye bati au kwenye orodha. Zote zilikaa sawa isipokuwa moja, ambayo haikuwa huku wala kule. Akamwambia Baba kwamba hilo si jambo, watu hupoteza. Aweke sahihi tu kwamba imepotea, benki itaifuta, na yaishe.

Baba akakataa. Akatoa kitabu kimoja ambacho hakuwa amekitia kwenye bati, alikuwa nacho mfuko wa ndani wa koti, akamfungulia pale palipobaki kipande kidogo baada ya hundi kuchanwa. Nilikuwa nyuma yake, nikasoma mwandiko wake: Attracta, nauli, euro elfu moja na mia nne. Akasema, "Haijapotea hii. Nilimwandikia binti yangu aje kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa mama yake. Yeye ndiye hakuitaka. Sitii sahihi kwenye uongo kwa ajili ya senti hamsini."

Concepta akamweleza taratibu kwamba hundi ikipita miezi sita hailipwi tena, kwa hiyo kuifuta hakumdhuru mtu. Baba akamjibu, "Benki isilipe. Mimi ningelipa."

Dada, hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu miaka kumi na mmoja. Akaunti ile haijawahi kushuka chini ya elfu moja na mia nne. Mwaka ndama walipougua alikwenda kukopa kwa Packie, mtu ambaye Baba hamwombi hata kiberiti, na huku pesa ziko benki. Nilidhani ni ubahili wa uzee. Kumbe aliogopa siku moja utaipeleka hundi yako, irudishwe kwa kukosa pesa, nawe udhani alikudanganya.

Tulirudi na euro zetu ishirini na tatu na nusu ndani ya bahasha, ameishika magotini. Tukafika darajani. Ndipo akaniuliza kama ile barua, siku nilipoipeleka, watu wa posta waliipima, au nilibandika stempu kwa kukisia tu. Nikamwambia waliipima. Akasema, "Haya," akageukia dirisha.

Hawakuipima, Attracta. Haikufika posta. Miaka yote hii imekuwa kwenye sanduku langu la ushonaji, chini ya vitambaa, bahasha imefungwa vilevile alivyonikabidhi.

Sitajitetea, lakini sababu nitakupa. Miaka mitatu nilimwosha Mama na kumlisha. Niliacha kazi ya Sligo, na Fergal akachoka kunisubiri, akaoa mwingine. Baba hakuwahi kuniandikia mimi hundi hata ya viatu. Wewe uliondoka kwa ugomvi, alipokataa kuwakatia wewe na Declan kiwanja, ukaubamiza mlango mpaka saa ya ukutani ikasimama, naye akaapa hataki kusikia jina lako. Halafu ni yeye huyo aliyeniita mezani, kavaa miwani, akaandika pole pole kama mtoto wa shule, akanipa nikutumie wewe. Niliona wivu. Sina neno zuri zaidi la kuufunika. Nilijiambia nitaipeleka kesho. Kesho ikawa wiki, misa ikapita, na baada ya misa ningesema nini?

Najua hukuweza kuja kumzika Mama kwa sababu ya mimba ya miezi minane. Najua pia ulisubiri neno la Baba. Uliniuliza kwenye kadi kama Baba huwa anakutaja hata siku moja, nami nikakuandikia kwamba anakusalimu. Salamu hizo hakunituma, nilizitunga. Zile alizonituma kweli nilizikalia.

Na usidhani niliona raha. Nimekukumbuka mpaka nimechoka kukukumbuka. Kitanda chako bado kiko pale dirishani, na kila nikilala nimekielekea. Nyumba hii ina watu wawili ambao kila mmoja anakungoja kivyake, na hawakuwahi kuambiana.

Leo baada ya chakula cha mchana nilimwekea Baba bahasha mezani na kumwambia yote. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. Aliigeuza, akaona haijafunguliwa, akasoma jina lako. Kisha akaniuliza saa hizi huko Perth ni saa ngapi. Nikahesabu, nikamwambia ni saa tatu na nusu usiku. Akasema, "Watoto watakuwa wamelala." Hajawahi kuwataja wanao mbele yangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Yeye labda bado." Akaburuta kiti mpaka kwenye simu, akashika mkono wa simu, akangoja nimsomee namba.

Nikamwambia hatuna namba yako. Miaka yote hii, dada, hakuna aliyekuomba. Aliurudisha mkono wa simu mahali pake na akabaki amekaa palepale.

Namba yetu haijabadilika. Piga saa yoyote, usihesabu tofauti ya saa. Mimi nisamehe ukiweza. Ukishindwa, mpigie yeye hivyo hivyo. Mimi nitatoka nje niende kwa ng'ombe. Hundi nimeiweka humu kwa amri yake. Benki hailipi, lakini umekwisha kusikia alivyosema.

Msalimie sana Declan, na wakumbatie watoto kwa niaba ya shangazi, au mama mdogo, au lolote watakalopenda kuniita. Concepta na Packie wanakusalimu, na hawa wamenituma kweli. Ningeongeza mengine, lakini Baba amesimama mlangoni na koti lake, anataka barua. Hataki niipeleke mimi. Nimemwambia leo Jumapili, posta imefungwa. Amesema si neno, atakaa nayo mwenyewe mpaka kesho.

Ni mimi mdogo wako,
Una