Siku Baba Alipodondosha Bendera

Nyumbani, nyuma ya duka la dobi,
Siku moja baada ya sikukuu.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, umetoka zamu ya hospitali salama, na miguu haijavimba tena kama ulivyolalamika mara ya mwisho. Huku sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu; likishapata joto la kukanyaga cherehani linasahau kuuma. Baba hajambo, anakohoa mvuke wa pasi kama ada. Mimi nami ni mzima, ila nimerefuka. Sare ya shule imenikataa miguuni, na mama anasema pindo la kushusha limekwisha, kilichobaki ni kunishusha mimi.

Usishangae kupata barua badala ya sauti. Unajua nikishika simu ulimi wangu unarudi ndani, na hilo jina la Konokono ulinipa wewe mwenyewe. Halafu simu ni ya mama, na mama hajui kuongea bila kuifungulia sauti duka zima likasikia, mpaka wateja wanaitikia salamu zako. Nilianza kukuandikia kwa lugha ile ya darasani, maana ndiyo tunayofundishiwa kuandika barua, na mwalimu husema naiweza. Nilipofika mstari wa tatu nikaichana. Ilikuwa safi mno, kama shati ambalo halijawahi kuvaliwa na mtu. Mambo ya baba hayaandikiki kwa lugha ambayo baba hajawahi kunigombeza kwayo.

Uliniachia kazi moja, dada. Ulisema likizo yako ni mwisho wa mwaka, nimuulize baba tukiwa wawili kama unaweza kuja nyumbani. Asipotaka hutakuja, kwa sababu huwezi kukaa chumbani kwa mama kama mtu aliyeingilia dirishani. Ukasisitiza jibu litoke kinywani mwake, lisitoke kwa mama, kwa kuwa mama angekuambia njoo hata kama nyumba inaungua. Najua nimechelewa, na najua unangoja. Jibu ninalo. Lakini nataka ulipate kwa njia niliyolipata mimi, maana likija peke yake hutalielewa.

Siku ile ulipopiga simu kusema umekula kiapo na sasa wewe ni raia wa huko, hukuona kilichotokea dukani. Mama alianza kucheka kwa furaha, kicheko kikamfia njiani alipomtazama baba. Baba akaisimamisha pasi, akatoka uani kuanua nguo. Nguo zenyewe nilikuwa nimezianika muda ule ule, zinachuruzika maji. Akazianua hivyo hivyo, akazirudisha ndani mikononi, kifua chote kimelowa. Tangu hapo ukipiga simu unaambiwa baba yuko kambani. Hata siku za mvua, baba yuko kambani. Wewe ulikuwa unacheka, lakini nilikusikia unavyovuta pumzi kabla ya kucheka.

Basi, ikaja wiki ya sikukuu ya uhuru. Unaikumbuka? Bendera zinaingia kutoka shuleni, zahanati, posta na mahakamani, zimebeba vumbi la mwaka mzima, na uani hakubaki nguo nyingine yoyote, kwa sababu baba hakubali soksi ya mtu ipakane na bendera. Karai la peke yake, sabuni ya kipande ya peke yake, hakuna kukamua. Unaikunja ndani ya taulo na kuikandamiza kwa viganja kama unamlaza mtoto. Mama kwenye cherehani anashika pindo zilizofumuliwa na upepo. Ile kubwa ya ofisi ya wilaya bado inaletwa na tarishi yule yule, ameikumbatia kama kichanga, na bado ana maneno. Ameniambia nikufahamishe kwamba hajaoa, anangoja jibu lako. Mama akamwambia angoje tu, mbona hata mvi zimeshakuja kungoja pamoja naye.

Niliposikia harufu ya wanga unachemka nikakukumbuka mpaka nikaudhika. Kukunja kulikuwa kwenu, wewe na baba. Wewe pembe mbili, yeye pembe mbili, mnaivuta ikalia kama ngoma, halafu mnaendeana hatua kwa hatua mpaka mikono ikutane. Mimi nilikuwa mtu wa vibanio. Na ile sheria ya baba: bendera ikigusa chini, inafuliwa upya tangu mwanzo, na hakuna mtu wa kusema neno mpaka ipande tena kambani. Unakumbuka ulivyoidondosha ile ya shule kwa sababu ya kupiga chafya? Ulifua mashavu yamejaa kicheko, mama anaomba sabuni kwa vidole, mimi nimeziba mdomo kwa viganja viwili. Akaingia mteja, akasalimia, hakujibiwa na mtu. Akatutazama mmoja mmoja, akavua kofia taratibu, akasema poleni sana, akaondoka. Mpaka leo yule bwana anaamini tulifiwa siku ile. Nilidhani nyumba zote ziko hivyo. Nilipokwenda kwa rafiki yangu nikakuta bendera imekaushiwa juu ya kiti, nikaona aibu kwa niaba yao.

Mwaka huu nafasi yako nimepewa mimi. Baba alinitazama urefu tu, akaninyooshea pembe.

Alasiri ya mkesha wa sikukuu, mama alikuwa amekwenda kurudisha bendera ya mahakama. Tulibaki mimi na baba na ile kubwa ya wilaya, imeshapigwa pasi, inanukia. Tukaivuta, tukaanza kuendeana. Dada, hakuna mahali mtu anakuwa karibu na uso wa baba yetu kama pale bendera inapomalizika kukunjwa. Nikaona nisiposema hapo sitasema tena. Sikumwambia yeye, niliuambia ukosi wa shati lake. Nikasema dada anauliza kama anaweza kuja nyumbani mwisho wa mwaka.

Baba akaachia.

Si pembe moja, upande mzima. Baba huyu aliyewahi kuunguzwa kiwiko na pasi asiachie! Bendera ikaanguka sakafuni, ikalala kwenye mchirizi wa maji ya sabuni. Tukaitazama wote. Nikafungua mdomo kuomba radhi, yeye akaweka kidole kwenye midomo yake. Sheria ni sheria, ila haikuwahi kumpata yeye.

Tukafua. Sijawahi kusikia maji yakipiga kelele vile. Swali langu lilikuwa limekaa katikati yetu kama mtu wa tatu kwenye karai, na hakuna aliyeruhusiwa kulijibu. Mama akarudi na hadithi zake za mahakamani mdomoni, akaona karai, akaona bendera, akaona mikono ya shati la baba imekunjwa mpaka begani. Akazimeza zote. Akakaa kwenye cherehani bila kuthubutu hata kukanyaga.

Tuliianika chini ya paa la baraza. Nilipobana kibanio cha mwisho kimya kikawa kimeisha, lakini baba akabaki ameshika pindo, kama anapima maji yaliyobaki. Akaniuliza kama najua alikozaliwa. Nikasema najua, mbali. Si ndivyo tulivyoambiwa siku zote, kwamba babu alizikwa mbali? Hatukuwahi kuuliza mbali ni wapi. Baba akaitaja nchi, na haikuwa hii.

Akasema alivuka mpaka akiwa kijana, kuja kufua shuka za hospitali. Akapapenda, akakutana na mama, na siku moja akasimama mbele ya hakimu, mkono juu, amevaa shati la kuazima, akaapa. Halafu akarudi kwao kumweleza babu. Babu hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimpa kiti. Akamtandikia kitanda cha wageni na shuka mpya, akamchemshia maji ya kuoga. Asubuhi baba alipochukua jembe kwenda shambani kama zamani, babu akalitoa mkononi mwake polepole, akamwambia mgeni apumzike. Baba akadhani ni utani. Mgeni si hupewa siku mbili, ya tatu akapewa jembe? Akaingoja ya tatu. Ikapita, na zilizofuata zikapita, likizo ikaisha. Hakupewa. Kila alipokwenda, kila mwaka, ni kiti, kitanda, maji ya moto, karibu mgeni. Hata siku ya kumzika babu, baba alipoinama kushika koleo, wakamwonyesha walipokaa wageni.

Alisema yote haya akiitazama bendera, hanitazami mimi. Akasema aliyezaliwa nayo anaweza kuisahau kambani ikalowa mvua, na kesho ikawa bado ni yake. Yeye aliiomba kwa kinywa chake, na aliilipia kwa kwao. Halafu akasema siku ile uliyopiga simu hakukukasirikia hata kidogo. Alisikia sauti yake mwenyewe ikimweleza babu. Akafungua kinywa akujibu, akakuta maneno ya babu yameshakaa tayari kwenye ulimi: karibu mgeni. Akauogopa ulimi wake. Ndipo alipokimbilia kambani, na amekuwa akikimbilia huko kila simu inapolia, mpaka apate neno jingine.

Nikangoja alipate. Akaniambia niende nikale.

Asubuhi tulikwenda uwanjani. Bendera ilikuwa bado na unyevu, kwa hiyo ilipopandishwa ikang'ang'ania mlingoti, watu wamesimama wima, watoto wa shule wamejitahidi kutojikuna, na tarishi, aliyekuwa nyuma ya viongozi, akanitupia jicho la lawama kana kwamba nimemwaibisha mbele ya wakwe. Halafu upepo ukaja, ikafunguka yote. Dada, nimeiona bendera ile maisha yangu yote, nimeishika mvua na jua, lakini jana ndiyo niliona jinsi baba anavyoitazama. Huwa anasimama pembeni kwenye uzio, mikono imenyooka ubavuni, na wimbo wa taifa anauimba beti zote, kila neno mahali pake. Mimi niliyefundishwa wimbo huo darasani, nikifika ubeti wa pili natembeza midomo tu. Jana niliona haya. Nikausogelea uzio, nikaimba nikimfuata.

Kabla sijakuandikia jibu lake, nina la kuungama, na ukilisoma usiinue kichwa kwa muda, nisione aibu hata kutoka huku. Si haya peke yake iliyonichelewesha kumuuliza. Nafasi zilikuwepo tele. Ulipoondoka, baba alianza kuongea na mimi. Si sana, unamjua, lakini alinifundisha joto la pasi kwa kila kitambaa, akanipa pembe za bendera, akawa ananingoja nirudi shule ndipo anywe chai. Ukiwa nyumbani nyinyi wawili mnataniana, na mimi ni wa vibanio. Kuna siku nilikuwa na swali lako mdomoni, tuko wawili, duka halina mteja, nikajisemea: kesho. Nilisema kesho nyingi. Nilikuwa nakukosa mpaka nalala na kanga yako, na papo hapo nilikuwa sitaki urudi. Sijui kama vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, lakini vimekaa ndani yangu, na nimeona bora uvijue kutoka kwangu. Sasa nataka urudi, bila kesho.

Haya. Tulitoka uwanjani, baba mbele, mimi nyuma, kama tunavyotembea siku zote. Alipofika mlangoni mwa duka akatoa ufunguo, akasimama nao. Akaniuliza, kwa sauti yake ya kazi, bendera ya huko uliko ni ya kitambaa gani, na kama rangi yake inachuja. Nikasema sijui. Akasema nikuulize. Kisha, bado ameukabili mlango, akasema nikuandikie hivi, nisipunguze wala nisiongeze: uje. Usitegemee kupewa siku mbili, wala moja. Hakuna kiti kitakachofutwa vumbi kwa ajili yako na hakuna maji yatakayochemshwa. Zahanati inaleta shuka za mwezi mzima mwisho wa mwaka, na siku hiyo hiyo utakayofika, ukishaweka mizigo chini, utafua.

Akafungua duka, akaingia. Nikamsikia anawasha pasi huku anapiga mluzi, sikukuu ya watu wote, na hakuna nguo hata moja mezani.

Mama anakusalimu, na amebaki amekaa anafuta macho kwa vipande vya kitambaa. Anasema ukija umletee uzi imara na usije umekonda. Tarishi naye salamu zake unazijua. Wasalimie wagonjwa wako, hata wasiojua kwamba sisi tupo. Usilete nguo nzuri, dada. Lete za kazi.

Mdogo wako akupendaye,
Konokono