Picha Uliyomtumia Mama

Mume wangu mpenzi,

Mimi ni mzima, na bomba la jikoni limekwisha kutengenezwa. Jana mama yako alinionyesha picha uliyomtumia: umempakata mtoto wa mdogo wako, unacheka hadi magego yanaonekana.

"Haya, msomi," akasema, "mimi nipakate vyeti vyako?"

"Mama, hatutaki watoto. Tuliamua sote wawili."

"Wawili? Mbona mwanangu kaniambia nikuulize wewe?"

Nilimwonea wivu mtoto kwa kicheko kile. Pengine nakosea, huenda ni picha tu. Mama nilimwonea wivu zaidi, kwa kutumiwa picha ambayo mimi sikutumiwa. Ikiwa hujabadili nia, mpigie leo umwambie tuliamua sote. Ikiwa umebadili, naomba nisisikie kwake.

Nakusubiri,
Mkeo